Ndugu Waliotangulia

Mwaka 1856 daktari mmoja wa Leipzig, Ujerumani, Friedrich Ludwig Meissner, alichapisha kitabu juu ya uziwi na elimu ya watoto viziwi. Leo kitabu hicho hakisomwi ila na wachache wanaofukua mambo ya kale, lakini ndani yake mna kisa kifupi ambacho madaktari wa moyo wanakisimulia mpaka sasa. Msichana kiziwi, mwanafunzi wa shule ya viziwi, alichukua kitu kidogo cha mwenzake. Mkuu wa shule akamwita mbele ya watu ili amkaripie. Msichana akaanguka pale pale, akafa.

Yeyote aliyewahi kufundisha watoto wa watu anaweza kukisia hofu ya kupeleka habari kama hiyo nyumbani kwao. Lakini wazazi hawakushangaa. Walisema wamekwisha kuzika watoto wengine wawili kwa namna hiyo hiyo: mmoja alikufa baada ya kushikwa na hofu kubwa, mwingine baada ya kupandwa na hasira kali.

Meissner aliandika hayo, akaendelea na mengine. Zama hizo hapakuwa na chombo cha kusoma moyo ulio hai kupita sikio na kibomba cha kusikilizia kifua, na msichana alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata hivyo wazazi wale walikuwa wameshika mambo ambayo utabibu ulichukua karne nzima kuyafikia: kwamba kifo kile kinatembea ndani ya ukoo, kwamba huchokozwa na mshtuko wa nafsi, na kwamba humchukua mtoto aliyeamka mzima asubuhi ile ile.

Magonjwa ya kurithi ya mapigo ya moyo kwa watoto husimuliwa zaidi kama ushindi wa mashine na maabara. Mimi nayaona kwanza kama historia ya watu kuisoma hesabu ya watoto waliokufa katika nyumba moja. Kuna walioisoma kuwa kudura, kuna walioisoma kuwa uchawi, na kuna mahakama moja iliyoisoma kuwa mauaji.

Mashine, hata hivyo, haziepukiki. Moyo hupiga kwa umeme. Kila pigo huanzia juu, kwenye fungu dogo la seli upande wa kulia, kisha umeme hushuka hadi kwenye vyumba viwili vikubwa vya chini, ventrikali, navyo hujikamua na kusukuma damu. Vikisha kujikamua, seli zake hazina budi kurudisha chaji kabla ya kupokea amri nyingine. Mtu wa kwanza kuyachora hayo yote vizuri kutoka nje ya mwili alikuwa Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Mawimbi yaliyojichora akayapa herufi P, Q, R, S na T, zile zile zinazotumika leo katika kipimo cha ECG kila hospitali. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1924.

Muda wa tangu Q hadi mwisho wa T ndio muda ambao ventrikali hupokea umeme, hujikamua na kurudisha chaji. Ukisharekebishwa kwa kasi ya mapigo, kwa kanuni iliyotungwa na Henry Bazett mwaka 1920, kwa kawaida hauzidi sana milisekunde 440, yaani chini ya nusu sekunde. Kwa watoto wa historia hii mara nyingi ulivuka 500. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuua. Seli zilizochelewa kurudisha chaji zikipata amri mpya ni kama mtu apandaye ngazi akasukumwa mgongoni kabla mguu haujakanyaga. Mdundo huvurugika, na mawimbi kwenye karatasi hujisokota kuuzunguka mstari. Mfaransa François Dessertenne aliueleza msokoto huo mwaka 1966, alipokuwa akimchunguza bibi wa miaka 80 huko Paris. Mdundo ukijisokota hivyo, ventrikali hutetemeka bila kusukuma damu. Ubongo hukosa hewa na mtoto huanguka. Mara nyingi mdundo hujirudi wenyewe na mtoto huamka. Kuna mara haujirudi.

Ilichukua miaka mia moja na mmoja tangu kitabu cha Meissner hadi mtu aliposoma ECG ya mtoto wa namna ile. Madaktari wawili wa Tønsberg, kusini mwa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza mwaka 1957 habari za familia moja yenye watoto sita. Wanne kati yao walizaliwa viziwi, na ni hao hao wanne waliokuwa wakizimia, hasa wakikimbia au wakichafukwa na roho. Watatu walikufa ghafla, wakiwa na umri wa miaka minne, mitano na tisa. Ndugu zao waliosikia walikuwa wazima kabisa. Kwenye ECG za wale viziwi, muda wa QT ulikuwa mrefu kupita kiasi, na vipimo vingine vyote vya moyo havikuonyesha dosari: hakuna tundu, hakuna vali mbovu, hakuna uvimbe. Moyo ulioumbika vizuri ulikuwa ukiua.

 

Ugonjwa ukachukua majina ya madaktari hao wawili, na kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba uziwi na moyo huenda pamoja daima. Huko Uingereza na Ireland, watafiti George Fraser na Peter Froggatt waliwatafuta watoto wengine wa aina hiyo miongoni mwa viziwi, wakawapata. Lakini mwaka 1963 daktari wa watoto wa Genova, Italia, Cesarino Romano, alieleza kisa cha kitoto cha kike kilichokuwa kikizimia mara kwa mara. Kaka zake wawili walikuwa wamekwisha kufa wangali wachanga. Mwaka uliofuata, bila kuwa na habari za Romano, Conor Ward wa Dublin aliandika juu ya msichana na kaka yake wenye tatizo lile lile. Watoto wa Genova na wa Dublin walikuwa wakisikia vizuri. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa na sura mbili: moja adimu sana, inayokuja na uziwi kwa watoto wa wazazi wazima, na nyingine ya kawaida zaidi, inayoruka kutoka kwa mzazi mmoja hadi kwa karibu nusu ya watoto wake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kuugundua ugonjwa huu kulichelewa hivyo, ilhali ECG ilikuwapo tangu mwanzo wa karne. Jibu kubwa ni kifafa. Mtoto ambaye ubongo wake umekosa damu hukakamaa, hurusha mikono, huweza kujikojolea, kisha huamka hajui alipo. Anayetazama huona kifafa, na daktari anayesimuliwa huandika kifafa. Watoto wengi waliokuja kugunduliwa baadaye, Ulaya na Marekani, walikuwa wamemeza dawa za kifafa kwa miaka. Kwetu Afrika Mashariki mtoto kama huyo atasemwa ana degedege, au kuna mtu katika ukoo ana mkono wake. Atafukizwa, atavishwa hirizi. Simcheki bibi anayemfukiza mjukuu, kwa sababu hospitali kubwa za Ulaya nazo zilikuwa zikitibu kichwa ilhali mgonjwa ni moyo. Kinachotofautisha ni kitangulizi. Kifafa hakingoji mtoto akimbie mbio za shule. Mtoto anayezimia katikati ya mbio, majini, au akishtuliwa kwa kelele anastahili ECG kabla ya chochote kingine, na kipimo hicho leo si cha gharama kubwa wala hakihitaji ndoo za maji ya chumvi.

Tiba ilitoka mahali ambapo wazazi wa kisa cha Meissner wangepatambua, yaani kwenye hofu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari kijana wa Milano, Peter Schwartz, aliletewa msichana wa miaka tisa aliyekuwa akizimia tangu udogoni kila aliposhtuka. Schwartz alikuwa akichunguza neva za simpathetiki, zile zinazouchapa moyo mtu anapoogopa au kukasirika, kwa hiyo hakuishia kuutazama moyo. Alitazama unaamriwa na nani. Majaribio ya mbwa yaliyofanywa Marekani mwaka 1966 yalikuwa yameonyesha kwamba neva za upande wa kushoto zikichokozwa, QT hurefuka. Huko Rochester, jimbo la New York, Arthur Moss na mwenzake McDonald walikuwa wamezikata neva hizo kwa mgonjwa mmoja na kutangaza matokeo mema mwaka 1971. Msichana wa Milano alipasuliwa mwaka 1973. Kuzimia kukakoma.

Ni upasuaji wa ajabu ukiufikiria: kisu hakigusi moyo kabisa. Bado unafanywa leo kwa watoto ambao dawa haziwatoshi. Lakini kwa wengi dawa zinatosha, na dawa zenyewe ni zile zile za kuzuia adrenalini ambazo James Black wa Scotland alizitengeneza miaka ya 1960 kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu ya moyo. Propranololi, iliyo maarufu kuliko zote katika ukoo huo, ni kidonge cha zamani na cha bei nafuu, kinachojulikana katika maduka ya dawa kama dawa ya presha, na kimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Wako wasiotulia hata kwa dawa na kisu pamoja. Hao hufungiwa ndani ya kifua mashine ya kuushtua moyo, iliyobuniwa na Michel Mirowski na kuwekwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1980 huko Baltimore. Betri za kawaida za moyo huwekwa hata Dar es Salaam sasa, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Mwaka 1979 Moss, Schwartz na Mmarekani mwingine, Richard Crampton, walifungua daftari. Ndilo jambo ambalo katika historia hii yote nalihusudu kuliko mengine, kwa urahisi wake. Kila familia iliyojulikana, popote ilipo, iliandikwa humo: nani alizimia, akiwa na umri gani, alikuwa akifanya nini, nani alikufa. Miaka ikapita, wakaulizwa tena. Mwaka 1991 walitangaza habari za familia 328. Lile swali ambalo mkuu wa shule ya viziwi hakuwa na sababu ya kuliuliza, kwamba nani mwingine nyumbani, sasa lilikuwa likiulizwa kwa utaratibu katika mabara kadhaa.

Daftari liliandaa njia ya jeni. Katika jimbo la Utah, Marekani, wanakoishi Wamormoni ambao kanisa lao huwataka watunze nasaba zao, daktari Michael Vincent alikuwa na koo kubwa zenye ugonjwa huu. Mark Keating wa Chuo Kikuu cha Utah alichukua damu za watu hao, na mwaka 1991 akatangaza kwamba kasoro iko kwenye kromosomu ya 11. Kundi lake likadhani limeikamata jeni yenyewe. Haikuwa hiyo; walikuwa wamefika mtaani lakini hawajaijua nyumba. Nyumba ilipatikana mwaka 1996, na kabla yake, mwaka 1995, zilipatikana nyingine mbili kwenye kromosomu ya 7 na ya 3.

Jeni hizo tatu ni ramani za milango midogo iliyo kwenye ngozi ya seli, milango inayopitisha chumvi zenye umeme. Mbili huruhusu potasiamu itoke, na kutoka kwake ndiko kunakorudisha chaji. Ikiwa mlango ni mbovu, potasiamu hukawia na QT hurefuka. Ya tatu huruhusu sodiamu iingie, na kosa lake ni kutofunga vizuri. Ile ya kromosomu ya 7 ilikuwa imejulikana kwanza kwa inzi wadogo wa matunda, ambao wakilazwa kwa etha miguu yao huendelea kucheza dansi. Mwaka 1997 watafiti wa Ufaransa walikifumbua na kitendawili cha viziwi wa Tønsberg. Mlango wa potasiamu wa kromosomu ya 11 unahitajika pia ndani ya sikio, kwenye maji yanayotikisa seli za kusikia. Anayerithi nakala mbovu moja husikia. Anayerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hupoteza sikio na moyo kwa pamoja. Ndiyo sababu sura hiyo huonekana zaidi penye ndoa za ndugu wa damu.

Wakati jeni zikitafutwa, familia za Utah zilitoa somo jingine lililowaudhi wapenda mashine. Mwaka 1992 Vincent, Keating na wenzao, akiwamo Katherine Timothy aliyekusanya habari za wagonjwa kwa miaka, walitangaza hali ya watu 83 wenye jeni mbovu. Waliowahi kuzimia walikuwa 52. Wengine hawakuwahi kuona dalili maishani, na baadhi ya ECG zao zilifanana na za ndugu zao wasio na jeni hiyo. Baba anayesema kwamba yeye ni mzima anaweza kuwa anasema kweli, na bado akawa ndiye aliyempa mtoto ugonjwa.

Mwaka 2001 Schwartz na wenzake waliwapanga wagonjwa 670 kwa jeni na kuuliza nini kilitangulia mashambulio yao. Wenye kasoro ya kromosomu ya 11 walianguka zaidi wakiwa kwenye mazoezi, na mashambulio ya kwenye kuogelea karibu yote yalikuwa yao. Wa kromosomu ya 7 walianguka kwa mshtuko wa nafsi na kwa sauti za ghafla, kama saa ya kuamshia au simu. Wa kromosomu ya 3 walipatikana zaidi usingizini. Fikiria maana yake kwa mtoto anayejua kuogelea akizama kwenye maji matulivu. Pwani kwetu kifo hicho hakikosi mwenyewe, na mwenyewe ni jini wa maji. Mahali pengine huandikwa ajali, jambo lenye msaada mdogo zaidi, maana hata jini humfanya mtu awaangalie wadogo zake waliobaki.

Mlango wa kromosomu ya 7 una udhaifu mwingine: huzibwa kwa urahisi na dawa. Halofantrini, iliyouzwa Afrika Mashariki kwa jina la Halfan, ilikuwa mojawapo. Mwaka 1993 François Nosten na wenzake, waliokuwa wakitibu malaria mpakani mwa Thailand na Burma, walionyesha kwamba hurefusha QT vibaya, na hatimaye madaktari wakaiacha. Kwinini nayo hurefusha kidogo. Jopo la wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani mjini Geneva mwaka 2016 lilipima dawa za malaria zinazotumika sasa na kuona hatari ya kifo cha moyo ni ndogo mno, kwa hiyo mzazi asije akamnyima mtoto dawa ya mseto. Ila mtoto ambaye ugonjwa wa QT umethibitishwa kwake, kila dawa mpya ipitie kwanza kwa daktari anayeijua hali yake, hata antibiotiki kama erithromisini.

Afrika ina sehemu yake katika daftari, ingawa si ile ambayo mtu angeitarajia. Paul Brink na wenzake wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walizifuatilia familia za Makaburu zilizokuwa zikifiwa na watoto, familia 22 zilizodhani hazina udugu. Wote walikuwa na kosa moja la jeni, na nasaba zikawarudisha kwa mume na mke mmoja wa enzi za walowezi wa Cape. Tena kosa hilo lilikuwa kali kuliko kawaida: takriban wanane katika kila kumi waliolibeba walipata dalili. Kumbukumbu za nasaba zilifanya kazi kubwa kando ya maabara.

Mpaka hapa watoto wetu wanatembea, wanakimbia, wanakwenda shule. Lakini Schwartz alishuku kwamba wengine hawafiki huko, kwamba baadhi ya watoto wachanga wanaokutwa wamekufa kitandani bila sababu walikuwa na mioyo ya aina hii. Kuanzia mwaka 1976 kundi lake lilipima ECG za watoto wachanga wa Italia zaidi ya 34,000 katika siku za mwanzo za maisha yao, likawafuatilia kwa mwaka mmoja. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Watoto 24 walikuwa wamekufa kifo hicho kisichoelezeka, na 12 kati yao walikuwa na QT ndefu. Madaktari wa watoto wa Marekani walimjia juu. Walisema namba ni ndogo, kipimo kitawatia hofu wazazi wa maelfu ya watoto wazima. Ubishi wa kupima kila mtoto anayezaliwa haujaisha, na hoja za kila upande zina uzito. Hata hivyo, upimaji mwingine wa Italia uliotangazwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba ugonjwa huu humpata mtoto mmoja katika kila 2,000 hivi. Kwa ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa ajabu, ni wengi.

Mwaka 2000 Schwartz alieleza kisa kinachotikisa imani katika historia za familia. Mtoto wa siku 44 alikutwa na wazazi wake amekuwa wa bluu, hapumui, hana mapigo. Walimkimbiza hospitali, moyo ukashtuliwa, akapona, na ECG ikaonyesha QT ndefu. Jeni yake ya sodiamu ilikuwa na kosa. Wazazi wakapimwa: hakuna aliyekuwa nalo. Kosa lilizaliwa pamoja na mtoto. Kama angekufa usiku ule, hakuna swali la nani mwingine nyumbani ambalo lingesaidia.

Na kuna nyumba ambako jibu la swali hilo lilimponza mwenye kuulizwa. Kati ya mwaka 1989 na 1999, Kathleen Folbigg wa New South Wales, Australia, alipoteza watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, mmoja baada ya mwingine, wote chini ya miaka miwili. Hapakuwa na ushahidi wa kitabibu kwamba wamezibwa pumzi. Palikuwa na shajara zake zilizojaa majuto ya mama, na palikuwa na hesabu. Katika miaka hiyo msemo ulikuwa umeenea miongoni mwa madaktari na mawakili wa nchi za Waingereza kwamba kifo kimoja cha mtoto mchanga ni msiba, viwili ni shaka, vitatu ni mauaji. Mwaka 2003 Folbigg alitiwa hatiani na kuhukumiwa miaka 40, baadaye ikapunguzwa kuwa 30.

Mwaka 2018 Carola Vinuesa, mtaalamu wa kinga na jeni wa Canberra, aliombwa kuisoma jeni ya Folbigg. Alikuta kosa kwenye jeni ya kalmodulini, protini inayoongoza kalsiamu ndani ya seli za moyo. Wasichana wote wawili walikuwa wamelirithi. Miaka michache kabla ya hapo, watafiti wa Denmark na kundi la Schwartz walikuwa wameonyesha kwamba makosa ya kalmodulini husimamisha mioyo ya watoto, hata wachanga. Uchunguzi wa kwanza wa serikali, mwaka 2019, haukushawishika. Michael Toft Overgaard, mwanakemia wa Denmark, akalitengeneza kosa lile lile katika maabara yake na kulipima, na matokeo yakaonyesha kwamba linaharibu kazi ya moyo kama makosa mengine yanayojulikana kuua. Mwaka 2021 wanasayansi na madaktari 90 walitia saini ombi la kumsamehe Folbigg.

Wavulana hawakuwa na kosa hilo, na waliomtetea hawakudai kwamba walikuwa nalo. Mmoja wao alikuwa ameshaugua kifafa kabla ya kufa. Ndivyo uchunguzi wa pili, ulioongozwa na jaji mstaafu Tom Bathurst, ulivyolitatua suala: ukakichunguza kila kifo peke yake, badala ya kuvijumlisha, na kila kimoja kikabaki na shaka ya maana. Folbigg alisamehewa na kuachiwa tarehe 5 Juni 2023, baada ya miaka 20 gerezani. Mwezi Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikafuta hatia zote.